Kampuni za kimataifa zinajenga uchumi au zinauchuma?

Kinda la Uchumi: Wakuu naombeni mnieleweshe, kila siku nasikia nchi zinagombania makampuni makubwa ya nje, mara misamaha ya kodi mara ardhi, halafu wengine wanasema hao wanakuja kuchuma tu na kuondoka. Sasa mtu unapimaje?

Mhasibu Mstaafu: Usiangalie inazalisha kiasi gani, angalia inaacha nini. Ireland mwaka 2015 pato la taifa liliruka kwa kama asilimia 25 kwa mwaka mmoja, unadhani watu walifanya kazi zaidi? Wapi, makampuni makubwa yalihamishia hataza zao, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, pale kwenye makaratasi, mpaka ofisi yao ya takwimu ikabidi itengeneze kipimo kingine. Na mchezo wenyewe uko hivi: kampuni inaiuzia kampuni dada mzigo kwa bei ya kutupa, dada yuko kwenye nchi ya kodi ndogo, halafu inamlipa huyohuyo dada ada ya kutumia nembo, ada ya ushauri na riba ya mkopo. Mwisho wa mwaka vitabu vinasoma hasara na mashine zinanguruma usiku na mchana. Inaniuma sana hii.

Fundi Mitambo: Mzee nakubali ila umesahau ujuzi. Costa Rica walimpata Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, miaka ya 90, mwaka 2014 akahamishia kazi ya kuunganisha chipu Asia na watu kama 1,500 wakakosa ajira, iliuma kweli, lakini mafundi walishaiva na viwanda vya vifaa tiba vikaja, leo hivyo vifaa ndo vinaongoza kwa mauzo yao ya nje. Kampuni isiyofundisha mtu na inayoagiza hadi misumari toka kwao, hiyo ndo ya kuogopa.

Mama Hoja: Na mkataba jamani! Botswana kwenye almasi wana nusu kwa nusu na kampuni ya De Beers ndani ya Debswana, kampuni yao ya pamoja ya kuchimba, hawakukaa kusubiri kodi peke yake.

Kinda la Uchumi: Asanteni sana. Mzee, hiyo ada ya nembo watu wa kodi wanaikamataje sasa?

Mhasibu Mstaafu: Wanauliza makampuni mawili yasiyo na undugu yangelipana kiasi gani kwa kitu hichohicho. Kwa shaba au kahawa ni rahisi, bei iko sokoni kila mtu anaiona. Nembo je, utailinganisha na nini, ipo moja tu duniani na mwenye nayo ndiye anayepanga bei, hapo ndipo mkaguzi anapokwama.