Programu yangu inapunja uzito wa dhahabu kwenye desimali, naomba ushauri

mtunza_daftari:
Wakuu, habari za jioni. Nimemwandikia mnunuzi mmoja wa dhahabu huku Geita programu ndogo kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Mizani inasoma gramu kwa desimali mbili, programu inapokea uzito, inapiga hesabu ya malipo na kutoa risiti. Waya wa mizani ukisumbua, uzito unaandikwa kwa mkono, ndiyo maana nilitaka ikatae namba yenye desimali zaidi ya mbili.

Nilizidisha uzito kwa 100, kisha nikaangalia kama kuna kitu kimebaki nyuma ya nukta. 4.25 ilipita. 4.35 ikagoma. Kuchapisha jibu nakuta 434.99999999999994. Nikaweka int(), amri inayobakiza namba nzima tu, ikate hayo mabaki, ikaacha kugoma, nikajua nimemaliza.

Juzi mchimbaji karudi na risiti yake: mizani ilisoma 4.35, karatasi inasema 4.34. Nimekagua, anasema kweli, na programu ina wiki tatu inafanya kazi. Usingizi sina. Desimali za namba zinahesabiwaje kwa usahihi?

fundi_wa_pwani:
Pole mkuu. Tuanze na kwa nini 4.25 inapita. Floti, yaani namba yenye nukta ndani ya kompyuta, inahifadhiwa kwa sifuri na moja, biti 64, kwa kiwango cha IEEE 754 cha tangu 1985. Katika mfumo huo nusu, robo na thumni zinaandikika kamili. Sehemu ya kumi haiandikiki, kama vile theluthi isivyokwisha ukiiandika 0.333. Sasa 4.25 ni nne na robo, imekaa sawasawa. 4.35 haikai, kwa hiyo kompyuta inachukua namba ya jirani, 4.34999999999999964 na mkia mrefu nyuma yake.

Ukiuliza floti "una desimali ngapi?", jibu la kweli litakushangaza. Ile 0.1 ya kawaida kabisa, jinsi ilivyohifadhiwa, ina desimali 55. Unachokiona kwenye skrini ni maandishi mafupi ambayo Python inakuchagulia.

Nyamizi:
Mbona rahisi? Linganisha namba yako x na round(x, 2), yaani x iliyokadiriwa kwa desimali mbili. Zikiwa sawa, desimali hazizidi mbili. Natumia miaka yote.

fundi_wa_pwani:
Dada Nyamizi, kwa namba iliyoingia moja kwa moja kutoka kwenye kibodi inafanya kazi, sikatai. Jaribu kwa namba iliyotokana na hesabu: 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, nayo itakataliwa ingawa ni senti tupu zimejumlishwa. Tena haitofautishi 4.3 na 4.30. Kwenye mizani hizo ni habari mbili tofauti, maana 4.30 inakwambia kipimo kimefika hadi sehemu ya mia.

Ndugu mtunza_daftari, hesabu desimali uzito ukiwa bado ni maandishi. Ukishaugeuza kuwa floti, ile sifuri ya mwisho imepotea na hairudi. Pokea stringi, yaani maandishi, ipeleke moja kwa moja kwenye Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama zilivyoandikwa:

Decimal("4.35").as_tuple().exponent

Itakupa -2, yaani desimali mbili. Usisahau alama za nukuu. Ukiandika Decimal(4.35) bila nukuu, umeingiza ile namba ya jirani pamoja na mkia wake wote.

Nyamizi:
Nimejaribu sasa hivi, nimekubali. Mimi nilikuwa nikigeuza namba kuwa stringi na kuhesabu herufi baada ya nukta. Ikaniangusha kwenye 0.0000001, kwa sababu Python inaiandika 1e-07 na hapo hakuna nukta ya kuhesabia. Decimal inaisoma vizuri, inatoa -7.

binti_muscat:
Naongeza la huku Oman. Rial moja ina baisa 1000, kwa hiyo bei zetu zina desimali tatu. Nilirithi programu ya duka iliyodhani kila fedha duniani ina desimali mbili. Shilingi ya Uganda kwa kiwango cha kimataifa haina hata moja! Idadi ya desimali iandikwe kama sheria ya kitu chenyewe, fedha hii tatu, mizani ile mbili, isibahatishwe kutoka kwenye namba iliyopo.

Na databesi isikutulize. PostgreSQL, mojawapo ya databesi hizo, ukiiambia numeric(10,2), yaani desimali mbili, kisha ukaipa 4.357, inahifadhi 4.36 kimya kimya bila kulalamika. Ukaguzi ufanye kabla.

fundi_wa_pwani:
Kuna jambo moja limeniuma kwenye hiyo int(). Kwa uzito, inakata kwenda chini tu. Makosa ya kukadiria juu na chini hufidiana kidogo, haya yanalimbikizana upande mmoja, na hapo upande huo ni wa mchimbaji. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianza faharasa yake, namba inayoonyesha bei za hisa kwa jumla, kwa 1000 Januari 1982, wakawa wanakata desimali baada ya ya tatu kila wanapokokotoa upya. Kufikia Novemba 1983 ilisoma karibu 525. Walipoirekebisha ilitoka 1098.892.

mtunza_daftari:
Asanteni sana wakuu. Nimefungua kinacholetwa na mizani: ni maandishi, nafasi mbili tupu, halafu 4.30, halafu herufi g. Nilikuwa nakigeuza kuwa floti mstari wa kwanza kabisa. Sasa nasafisha nafasi na hiyo g, napeleka kwenye Decimal, desimali zikizidi mbili nakataa, na kwenye databesi nahifadhi namba nzima ya sehemu za mia: 435. Nimepitisha kila uzito kutoka 0.01 hadi 100.00, zote 10,000, hakuna uliopungua.

Bahati nzuri mama mwenye duka anaandika kila uzito kwenye daftari kabla ya kugusa kompyuta. Kesho asubuhi tunakaa naye, tunalinganisha risiti za wiki tatu moja moja, na waliopunjwa anawapigia simu waje wachukue kilicho chao.