Podikasti yetu haijafa, acheni kuizika!

Wakuu, hili nimelibeba moyoni wiki tatu. Leo limenishinda, natoa dukuduku.

Mimi na wenzangu wawili tunaendesha podikasti ya usalama wa mitandao. Hatuna kampuni nyuma yetu, hatuna studio, na kila mmoja ana kazi yake ya mchana. Msimu wa tatu ulipoisha tulisema wazi kwenye kipindi cha mwisho kwamba tunakwenda kuandaa wa nne na tutarudi ukiwa tayari. Mwezi wa tano wa ukimya, mtu mmoja mwenye wafuasi wengi akatoa orodha ya podikasti za fani hii, na yetu akaitupa mwishoni kabisa, kwenye fungu la zilizokufa. Hakuuliza! Anwani yetu iko pale pale, barua tunajibu, ila yeye hakuandika hata mstari mmoja.

Pole zikaanza kumiminika, na matusi nayo. Eti tumekula michango tukatokomea. Michango hulipia seva, kikoa na programu ya kuhariria, na huwa inaisha kabla ya mwaka kuisha. Kinachopungua tunatoa mifukoni mwetu, hata miezi hii ambayo hamsikii kitu, kwa sababu tukiacha kulipa hata vile vipindi vya zamani mnavyovisikiliza vinapotea. Hilo nimelimaliza.

Kinachoniuma zaidi ni kilichokuja baada ya ile orodha. Mlisho wa RSS wa podikasti, yaani faili la mtandaoni ambalo programu za kusikilizia husoma ili kupata vipindi vipya, unaweza kubeba anwani ya barua pepe ya mwenye kipindi, na yeyote anayefungua mlisho anaiona. Zipo saraka za podikasti zinazoitumia hiyo hiyo kuthibitisha nani mmiliki. Kwa hiyo ukimtangazia ulimwengu kwamba kipindi hakina mtu tena, msikilizaji anasikitika na kuendelea na mambo yake, lakini mwizi anasikia kuna nyumba haina mwenyewe na anwani yake anayo.

Hazikupita siku nne. Zikaja barua za kubadilisha neno la siri ambazo hatukuziomba, usiku kucha. Akaja mtu anataka kununua jina "pamoja na wasikilizaji wake". Kisha akaja mdhamini, barua imeandikwa vizuri, imeambatana na faili la mkataba lililofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa humo humo kwenye barua. Matapeli hufanya hivyo ili vichujio vya barua visiweze kuchungulia ndani. Tulilifungua kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, iliyotengwa na mtandao. Hapakuwa na mkataba. Palikuwa na programu ya kukomba vidakuzi vya kivinjari, vile vifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia kwenye akaunti, na mwizi akishakuwa navyo anaingia kwenye akaunti kama vile umeshamfungulia mlango, uthibitisho wa hatua mbili haumsumbui.

Mnaelewa wangefanya nini wakifanikiwa? Kipindi kipya kinaweza kujipakua chenyewe kwenye simu za waliojiunga. Wasikilizaji wetu wengi ni watu wa kutunza seva za wenzao. Sauti inayofanana na yangu ikiwaambia wasakinishe kiraka fulani, yaani sasisho la kuziba udhaifu, wapo watakaosakinisha usiku huo huo kwa sababu wanatuamini. Tumekesha tukilinda imani hiyo huku mtu aliyetuzika akipokea pongezi kwa orodha yake nzuri.

Na hizo kazi za "wafu" mnazijua? Kuna mahojiano ya dakika 41 na mama mmoja aliyegundua udhaifu kwenye mfumo wa kazini kwake. Maneno yake tumempa mtu mwingine ayasome ili asitambulike, tukadhani tumemaliza. Kisha tukataka kubakiza sehemu chache za rekodi halisi, mwenzangu akavaa spika za masikioni, akasikia nyuma ya sauti mlio wa mlango wa ofisini kwa yule mama, ule unaolia mtu akigusisha kadi. Unasikika mara tisa. Mtu wa ofisi ile akiusikia mara moja tu ameshajua ni wapi. Tumerudi mwanzo, sekunde kwa sekunde, na hata sasa sijaridhika na mahali pawili.

Halafu udhaifu wenyewe haujazibwa. Waliotengeneza mfumo wameshaarifiwa, wanaandaa kiraka. Kwenye fani hii muda unaozoeleka kuwapa watengenezaji kabla ya kutangaza udhaifu ni siku 90, ndio ambao hata Project Zero, timu ya Google ya kusaka udhaifu, imeufanya kipimo. Tukitangaza leo ili ninyi mridhike kwamba tuko hai, tunawapa wadukuzi ramani kabla wenye mifumo hawajapata dawa. Sitafanya hivyo, hata mkinitukana mpaka mwakani.

Hasa ninyi mnaotuma "leteni kipindi au mkabidhi kwa wengine", nawaomba mkumbuke XZ, maktaba ya programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Maktaba ile ilitunzwa na mtu mmoja, kazi ya kujitolea bila malipo. Mwaka 2022 yakatokea majina yakimlalamikia kwamba anachelewa na kumtaka aongeze mtu wa kumsaidia. Msaidizi alikuwa tayari yupo, mpole, mchapakazi, anajiita Jia Tan, na akapewa mamlaka. Mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yakatoka yakiwa na mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia kwenye mashine. Aliyeuona ni mhandisi wa programu Andres Freund, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kunachelewa nusu sekunde. Tuliizungumzia kwa vipindi viwili, mkatushangilia sana. Leo mnatusukuma kwa maneno yale yale, nasi ni watu watatu tuliochoka!

Kwa hiyo jina na mlisho hatuuzi, na hakuna tutakayemkabidhi. Msimu wa nne utatoka kiraka kitakapotoka na yule mama atakaposema yuko tayari. Na wewe mwenye orodha, najua unasoma humu: tuondoe kwenye fungu la waliokufa leo, na useme hadharani kwamba hukutuuliza.