Naomba ushauri: mtoto kwenda kuvua juu ya barafu, Minnesota

Wakuu, habari za majukumu. Nimekulia Ukerewe, nyavu na karabai nazijua vizuri. Sasa naishi Minnesota, jimbo lenye maziwa zaidi ya 10,000, na huku ziwa likiganda watu wanatembea juu yake, wanatoboa tundu kwa keekee kubwa na kuteremsha ndoano. Mwanangu amealikwa na baba wa rafiki yake waende Ziwa Mille Lacs kuvua samaki aina ya walleye, na anatamani mno.

Mwongozo wa idara ya maliasili nimeusoma: barafu mpya, angavu, ya inchi 4 inambeba mtu kwa miguu, ile nyeupe yenye theluji ndani nguvu yake ni kama nusu tu. Lakini unene haulingani ziwa zima, na hapo ndipo moyo wangu unakataa.

Mlioko Minnesota, Wisconsin au Kanada, mnapima kila baada ya hatua ngapi? Jaketi okozi avae juu ya koti la baridi au ndani? Na barafu ikilia kwa kishindo, mnakimbia au ni kawaida? Tafadhali msinifiche kitu, ndiye mwanangu pekee.