Mdogo wangu anasema "hii ni CBD tu, si bangi". Naombeni ushauri

Dada wa Watatu
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 20, nimemlea mimi. Juzi nafua nguo zake, nikakuta mfukoni kikalamu cha kuvuta mvuke na peremende mbili zimeviringishwa kwenye karatasi. Nilipomuuliza hakuruka, alicheka: "Dada, hiyo ni CBD, ni dawa, kwa wenzetu inauzwa dukani kama sabuni."

Bangi ninayoijua mimi ni msokoto na ile harufu yake. Huyu hanuki. Ila jioni macho mekundu, anamaliza sufuria peke yake, na asubuhi anatapika. Kutapika nadhani ni vidonda vya tumbo, maana akioga maji ya moto anatulia. Kuna siku anaoga mara nne.

Miezi miwili ijayo anakwenda Kanada kusoma. Je, hii ni bangi au si bangi? Na huko aendako ni ruksa kweli?

Naomba msinitukanie mtoto.

Kichwa Ngumu
Jani tu hilo dada, limeota lenyewe. Mwache dogo.

Bibi Karafuu
@Kichwa Ngumu uyoga wa sumu nao umeota wenyewe, mbona huuli?

Mfamasia Mstaafu
Mleta mada, mmea huo una kemikali zaidi ya mia, ila mbili ndizo zinazotajwa sana. THC ndiyo inayolewesha. Raphael Mechoulam na Yehiel Gaoni waliitenga mwaka 1964. CBD haileweshi, na hapo mdogo wako hajadanganya kwamba ni dawa: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji ya CBD kwa aina mbili za kifafa kikali kinachoanzia utotoni. Lakini CBD haimfanyi mtu awe na macho mekundu na njaa ya sufuria zima. Hiyo ni THC, hata kama kibandiko kinasema vingine.

Usitegemee pua yako. Kuna maua makavu ya kusokota, kuna utomvu uliogandishwa (hashishi), na siku hizi kuna mafuta na nta ambazo THC yake inaweza kufika asilimia 60 hadi 90. Maua ya miaka ya 1990 yalikuwa na asilimia 4 hivi. Ni sawa na kulinganisha bia na spiriti.

Peremende zina hila yake. Ukivuta, unaisikia ndani ya dakika chache. Ukila, hupita kwenye ini kwanza, na inaweza kuchukua nusu saa hadi saa mbili. Mtu anasema "mbona haijanishika", anaongeza ya pili, halafu zote zinampanda pamoja na kumkalia saa nyingi. Kama nyumbani kuna watoto wadogo, zitoe leo, kwao peremende ni peremende.

Kuhusu kikalamu: kuanzia mwaka 2019 hadi mwanzoni mwa 2020 Marekani watu zaidi ya 60 walikufa kwa mapafu kuharibika, wengi wao wakiwa wamevuta mafuta ya THC ya vichochoroni yaliyochanganywa na aina ya vitamini E.

Muuguzi wa Zamu
Samahani, mmeliruka jambo kubwa. Kutapika asubuhi na kutulizwa na maji ya moto! Kuna ugonjwa wa kutapika unaowapata watumiaji wa bangi wa muda mrefu, na maji ya moto ndiyo alama yake. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika mara nyingi hazifui dafu. Unaisha mtu akiacha kabisa. Akiendelea, anaweza kuishiwa maji mwilini mpaka figo zikaumia. Mpeleke hospitali wahakikishe si kitu kingine, na amwambie daktari ukweli.

Ameanza lini?

Dada wa Watatu
Anasema miezi mitatu.

Muuguzi wa Zamu
Kwa kawaida hali hiyo huja baada ya matumizi ya mara kwa mara ya mwaka au zaidi. Muulize tena, kwa upole. Na kwenye ukoo wenu kuna aliyewahi kuugua akili?

Dada wa Watatu
Mjomba. Alikuwa anasikia sauti. Hatumzungumzii sana.

Muuguzi wa Zamu
Basi mzungumzieni. Si kila mvutaji hupata wazimu, lakini mwenye damu hiyo, aliyeanza kijana na anayetumia yenye THC kali, yuko hatarini kuliko wenzake. Ubongo unaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu.

Msafiri Haachi Mguu
Kuhusu sheria: Uruguay ilihalalisha mwaka 2013, Kanada Oktoba 2018, Ujerumani Aprili 2024 kwa masharti. Afrika Kusini mahakama iliruhusu mtu mzima atumie faragha, kuuza bado kosa. Uholanzi watu hudhani ni halali, kumbe inavumiliwa tu. Singapuri, ukikutwa unasafirisha zaidi ya gramu 500 unanyongwa.

Kwa hiyo Kanada ni ruksa, ila kuna umri, na majimbo mengi wameweka 19. Na kuvuka nayo mpaka, kuingia au kutoka, ni jinai, hata iwe na CBD peke yake. Watu wanasikia "halali" wanasahau uwanja wa ndege.

Nilivuta Nikaacha
Nilivuta miaka kumi na moja. Wanaosema haina uraibu wanajidanganya kama nilivyojidanganya. Wiki ya kwanza ya kuacha sikulala, chakula hakipiti, nikimjibu mtu ni kwa hasira tu. Baada ya wiki mbili hivi nikapata ahueni. Dada, hizo siku akikufokea usichukulie moyoni. Na asishangae akipimwa mkojo ikaonekana bado ipo, hujificha kwenye mafuta ya mwili. Kwa mvutaji wa kila siku hata mwezi.

Kichwa Ngumu
Hiyo ya maji ya moto sikuijua. Kuna jamaa yangu yuko hivyo hivyo.

Dada wa Watatu
Nawashukuru. Jana usiku tumekaa mpaka saa saba. Ni tangu ana miaka 16. Peremende alikuwa amepanga kuzificha kwenye begi la safari, ndani ya soksi. Tumezitupa wote wawili.

Habari ya mjomba hakuwahi kuijua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza jina lake.

Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Amesema nimsindikize, ila niishie mlangoni.