Naomba ushauri: nyimbo za baba mdogo zinapigwa Kenya, mirabaha haimfikii

Wakuu, shikamooni wakubwa. Baba yangu mdogo alitunga na kuimba dansi Dar es Salaam miaka ya 1980, akirekodi studio za Radio Tanzania. Hadi leo nyimbo zake zinapigwa redioni na kwenye kumbi za Mombasa na Nairobi, lakini mirabaha ya huko hajawahi kuiona. Inaniuma sana, kwani jasho ni lake na afya yake sasa si nzuri.

Ninavyoelewa, chama cha Kenya cha kukusanya mirabaha hukusanya pesa, kisha huzipeleka kwa chama kama hicho cha nyumbani kwa mtunzi, mradi vyama hivyo viwili vina mkataba wa kuwakilishana. Ili wajue pesa ni ya nani, kuna namba za utambulisho: IPI ya mtunzi, ISWC ya utunzi na ISRC ya rekodi. Bila namba hizo, pesa huweza kukosa mwenyewe, na kanda nyingi za zamani hazina hata moja.

Je, ajisajili nyumbani kwanza, au ajiunge moja kwa moja na chama cha Kenya? Na athibitisheje utunzi wake, ikiwa kilichobaki ni kanda na wanabendi wenzake wachache walio hai? Aliyewahi kufuatilia, tafadhali anielekeze.