Naomba ushauri: kompyuta ya injini inazingua

Wakuu, nina gari la juu la mwaka 1998, la petroli. Asubuhi linawaka bila shida, ila likishapata moto linaanza kumisi, mwisho linazima. Ukiliacha lipoe nusu saa, linawaka tena kama hakuna kilichotokea.

Tumeshabadilisha plagi, koili na pampu ya mafuta (hela imeteketea bure). Betri na nyaya za eathi zimekaguliwa, ziko sawa. Mashine ya kupimia nayo wakati mwingine inakataa kabisa kuwasiliana na kompyuta. Jana fundi kaifungua hiyo kompyuta: kapasita mbili (vile vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme) zimevuja na majimaji yake yameanza kula njia za shaba kwenye bodi.

Sasa yeye anataka tutafute ya mtumba yenye namba ileile. Mimi nasita, kwa sababu funguo zangu zina chipu, na kompyuta ngeni bila kusetiwa upya haitazitambua. Halafu ya mtumba ina umri uleule, si nayo itavuja tu?

Aliyewahi kubadilisha kapasita pekee, ilidumu? Na kama ni kununua, kuhamisha data za funguo kutoka ya zamani inawezekana ikiwa bodi imeshaliwa hivi?