Flamingo wanaisha kweli au wamehama tu?

mtu_wa_sakina: Wadau, kwenye maziwa ya Momella pale Arusha kulikuwa pinki kabisa, saa hizi wapo wachache mno. Ndo wanaisha?

kaka_utalii: Wanafuata msosi bana. Flamingo mdogo (ni aina yake, sio kifaranga) anakula ule mwani wa maji ya magadi, ukipungua anasepa Manyara, Natron, hata Nakuru huko Kenya. Ziwa moja kuwa tupu haikuambii kitu.

bibi_ndege: Ila wasiwasi upo. Yule mkubwa hana shida sana, mdogo ndo IUCN, wale wa uhifadhi wa viumbe duniani, wamemweka kwenye walio karibu kuingia hatarini. Bado wapo zaidi ya milioni 2, sasa tatizo ni kwamba karibu 75% ya wadogo wote duniani wanazaliwa Natron, na jike anataga yai 1 tu, hebu pale paharibike uone.

kaka_utalii: Ndo maana mradi wa kiwanda cha magadi pale Natron ulipigiwa kelele mpaka Tata, kampuni ya India, wakajitoa 2008.

mtu_wa_sakina: Duh. Natron niende lini?

bibi_ndege: Agosti mpaka Oktoba jaribu, ila kutaga sio kila mwaka mwanangu. Na viota uviangalie kwa mbali, yale matope yanaunguza.